Utafiti Ufike Barabarani: Mwongozo Kamili wa Huduma ya Dharura Nje ya Hospitali kwa Watu wa Tanga

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliotikisa namna watoto mahututi wanavyotibiwa duniani, na sehemu yake ilifanyika Muheza, kilomita kama 35 kutoka Tanga mjini, katika Hospitali Teule. Unaitwa FEAST. Watoto waliofikishwa wakiwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walitundikiwa dripu ya maji mengi kwa haraka, wengine wakapewa maji ya kawaida tu, taratibu. Miongozo ya wakati huo ilisema maji ya haraka ndiyo yanayookoa. Matokeo yakaja kinyume kabisa. Kati ya watoto 3,141 wa Muheza, Kilifi na hospitali nne za Uganda, ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 hivi ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake ili wengine wasiendelee kuumia.

Nimeanza na Muheza makusudi. Wapo wahudumu wengi wazuri mkoani hapa wanaoamini utafiti ni mambo ya Ulaya na ya watu wa chuo kikuu, kwamba sisi kazi yetu ni kupokea waraka na kuubandika ukutani. Lakini wazazi waliokubali watoto wao waingie kwenye jaribio lile walikuwa majirani zetu, na kilichopatikana kwao kinatudai tukitumie.

Mwongozo huu ni wa matabibu na wauguzi wa zahanati, wahudumu wa magari ya wagonjwa, wanaojitolea Msalaba Mwekundu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, pamoja na viongozi wa vijiwe vya bodaboda na wa fukwe za wavuvi. Panapohitaji mtu mwenye leseni ya kutibu, nitasema wazi.

Hatua ya 1: Anza na kinachoua njiani kwenu

Usianze na jarida, anza na daftari. Keti na rejista ya wagonjwa wa nje ya miezi kadhaa iliyopita. Kisha nenda ukaongee na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda na kamati ya uvuvi ya ufukweni, maana waliofia njiani hawamo kwenye rejista yako. Pongwe na njia yote ya Segera utasikia habari za malori na pikipiki. Kigombe, Tongoni na mlangoni mwa mto Pangani utasikia waliozama. Milimani, Amani na Lushoto, utasikia nyoka, miti iliyoangukia watu na wajawazito walioshushwa kwa machela.

Chagua tatizo moja. Liandike kama swali lenye sehemu nne: mgonjwa ni nani, tunataka kumfanyia nini, badala ya kile tunachofanya sasa, na tunatarajia nini kibadilike. Kwa kazi ya nje ya hospitali mimi huongeza sehemu ya tano, na ndiyo inayosahaulika sana: ni dakika ngapi tangu tukio hadi mtu wa kwanza afike, na ni muda gani kutoka hapo hadi hospitali yenye uwezo.

Swali lililokamilika linasomeka hivi: "Kwa mtu mzima anayevuja damu nyingi mguuni baada ya ajali ya pikipiki kati ya Mkanyageni na Muheza, je, mwendesha bodaboda akifunga tuniketi (mkanda wa kukaza mguu au mkono ili damu isitoke) papo hapo, badala ya kumpakia na kukimbia, mgonjwa atafika hai?" Swali la namna hiyo lina majibu. "Tuboreshe huduma ya dharura" halina.

Hatua ya 2: Tafuta, lakini kwa mpangilio

Anza na mwongozo wa taifa wa matibabu, ule unaokuja pamoja na orodha ya dawa muhimu. Ndio unaokulinda kisheria, na ndio unaoeleza dawa ipi inaruhusiwa ngazi ya zahanati. Halafu angalia Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2018, likiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, lilitoa kozi ya huduma ya msingi ya dharura inayofundisha kumkagua mgonjwa kwa mpangilio wa ABCDE: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua na kumkagua mwili mzima. Kozi hiyo ilijaribiwa kwanza katika nchi chache, Tanzania ikiwamo.

Usipopata jibu huko, nenda Cochrane, wanaokusanya tafiti nyingi za swali moja na kuzipima kwa pamoja. Mwisho ndiyo PubMed, maktaba ya mtandaoni yenye tafiti mojamoja. Muhtasari ni bure. Ukikuta makala kamili inalipiwa, uliza kama chuo au hospitali yenu imesajiliwa Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida kwa bure au kwa bei ndogo.

Video ya dakika moja iliyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp usiihesabu kama utafiti, hata kama anayeongea amevaa koti jeupe.

Hatua ya 3: Uhoji utafiti kabla ya kuuingiza kwenye begi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka. Matokeo ya utafiti hayaelei hewani. Yana mahali, yana watu, yana saa. Ukiyahamisha bila kuuliza maswali, unaweza kuua kwa nia njema.

Uliza kwanza: nani aliingizwa na nani aliachwa nje? Rudi kwenye FEAST. Jaribio lile halikuchukua watoto wenye kuhara na kutapika, wenye utapiamlo mkali, wala walioungua moto. Kwa hiyo mtoto aliyekauka kwa kuhara, macho yamezama na ngozi ukiibana hairudi, bado anahitaji maji kwa mpango wake uleule. Muuguzi aliyesikia nusu tu ya habari, kwamba "dripu inaua watoto", anaweza kumnyima maji yule anayekufa kwa kukosa maji. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake kwa watoto wenye homa kali: kama mzunguko wa damu umelegea lakini shoku, yaani damu kushindwa kuufikia mwili vya kutosha, haijakamilika, usimmwagie maji ya haraka. Wale wenye dalili zote za shoku hupewa kiasi kidogo, taratibu zaidi, huku wakiangaliwa bila kuachwa.

Pili: utafiti ulifanyika umbali gani na hospitali? Utafiti maarufu wa tuniketi ulitoka hospitali ya kijeshi ya Marekani jijini Baghdad. Kati ya majeruhi 232, waliofungwa kabla hawajaingia kwenye shoku walipona asilimia 90, na waliofungwa wakiwa tayari kwenye shoku walipona asilimia 10. Hakuna aliyepoteza mguu au mkono kwa sababu ya tuniketi yenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Lakini wale walikuwa na helikopta na daktari wa upasuaji karibu. Sisi kutoka Segera hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ni karibu kilomita 70 za barabara yenye malori, na kwanza gari lipatikane. Tuniketi ikikaa zaidi ya saa mbili, misuli na neva huanza kuharibika. Kwa hiyo tunachukua fundisho la kwanza, funga mapema, na tunaongeza sharti letu: andika saa, na hesabu safari kabla hujaondoka.

Tatu: dawa ilitolewa saa ngapi baada ya tukio? Asidi ya traneksamiki, ambayo kazini wengi huiita TXA, husaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010 uliwapima majeruhi 20,211 katika nchi 40. Vifo vilishuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Ukisoma hapo tu unaona dawa nzuri ya bei nafuu. Soma mbele: waliopewa baada ya saa tatu hawakunufaika, na kwao vifo vya kuvuja damu viliongezeka. Uchambuzi uliofuata mwaka 2018, uliounganisha majeruhi na kina mama waliovuja damu baada ya kujifungua, ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida kwa takriban asilimia 10. Kwa mtu wa Bombo maana yake ni kuuliza saa ya ajali kabla ya kufungua ampuli. Kwa mtu wa zahanati ya kijijini mwenye leseni na kibali cha mganga mkuu wa wilaya, maana yake ni kwamba gramu 1 kwa dakika 10 mshipani, kabla ya safari, inaweza kuwa na thamani kuliko dozi hiyohiyo saa nne baadaye hospitalini.

Nne: upo utafiti mwingine unaosema tofauti? Mwaka 2023 ulitoka PATCH, wa Australia, New Zealand na Ujerumani, uliowapa TXA majeruhi wakiwa bado njiani. Walipopimwa baada ya miezi sita, idadi ya walioishi wakiwa na afya ya kujitegemea ilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Je, tuitupe dawa? Sioni hivyo. Wale walikuwa na magari ya wagonjwa yenye wataalamu, na damu na upasuaji walivipata upesi, mambo ambayo sisi hatuna. Lakini kwa sababu yake siwezi kusimama mbele ya wanafunzi nikawaambia TXA njiani ni uhakika. Nitawaambia ilipo nguvu yake na ilipo shaka yake.

Tano, na hili naliona zito kuliko yote: upande wa pili wa safari kuna nini? Artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa mtoto mwenye malaria kali aliye mbali na hospitali, ilijaribiwa Bangladesh, Ghana na Tanzania, na matokeo yakatoka mwaka 2009. Kwa waliochelewa zaidi ya saa sita kufika kituoni, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kwa nusu. Baadaye dawa hiyohiyo ikapelekwa kwa wingi vijijini Uganda, Nigeria na Kongo, na faida ile haikuonekana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisitishe kuieneza hadi lilipotoa maelekezo mapya mwaka uliofuata. Dawa haikubadilika. Kilichokosekana ni rufaa kukamilika na tiba kamili ya malaria baada ya dozi ile ya kwanza. Mzazi akiona homa imeshuka, harudi tena kutafuta nauli. Ukiiweka dawa kwenye begi bila kupanga gari, unajidanganya wewe na unamdanganya yule mama.

Hatua ya 4: Geuza matokeo kuwa mambo machache ya kufanya

Karatasi ya kazi ya barabarani isizidi ukurasa mmoja, iandikwe Kiswahili, kwa herufi kubwa. Haya ndiyo ningeyaandika mimi kwa mazingira yetu.

Ajali barabarani. Simamisha magari kwanza, pande zote mbili, mtu asimame mbali akiwa na tochi au tawi. Kisha damu inayomiminika, kabla hata ya njia ya hewa. Kandamiza kwa mikono miwili juu ya jeraha, kwa nguvu, bila kuachia kuchungulia. Jeraha lenye shimo lijaze kitambaa safi hadi ndani, ukandamize tena. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haisimami, funga tuniketi upana wa vidole vinne kutoka kwenye jeraha, upande wa kiwiliwili, isikae kwenye kiungo cha goti wala cha kiwiko. Andika saa kwenye paji la uso la mgonjwa. Ukishaifunga, usiilegeze njiani. Hiyo ni kazi ya kituo chenye mtaalamu.

Baada ya hapo njia ya hewa. Anayekoroma au kutoa sauti ya maji kooni njia yake ya hewa inaziba: sukuma taya mbele kwa vidole bila kukunja shingo. Kama anapumua lakini hana fahamu, mgeuze ubavu, mwili wote kwa pamoja, mmoja ameshika kichwa. Usimkalishe kwenye bajaji amejikunja. Pickup yenye ubao au mlango uliong'olewa ni bora. Hakuna maji ya kunywa, hakuna soda, hata akiomba. Anaweza kupaliwa, na anaweza kuhitaji upasuaji.

Mfunike. Watu wa pwani hunishangaa kwa hili, joto lote hili! Lakini anayepoteza damu hupoa hata mchana wa Februari, na damu iliyopoa haigandi vizuri. Vua nguo zilizolowa, mfunike kanga mbili kavu, na waambie waliokusanyika kumpepea waache.

Aliyezama. Kifo cha maji ni kifo cha kukosa hewa, kwa hiyo kukandamiza kifua pekee hakutoshi. Miongozo ya Ulaya inataka pumzi tano za mwanzo, yaani kumpulizia hewa mdomoni, ya Marekani inataka mbili, na yote inakubaliana kwamba pumzi ndizo zinazotangulia. Kwetu ningeshika tano. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi mbili, rudia. Kumning'iniza kichwa chini, kumbiringisha juu ya pipa, kumkanyaga tumbo ili maji yatoke: acheni, ndugu zangu wa ufukweni. Kinachotoka ni maji na chakula cha tumboni, kinaingia mapafuni, na dakika zinaondoka. Aliyezinduka naye apelekwe hospitali hata akisema yuko salama, maana mapafu yanaweza kubadilika saa chache baadaye.

Aliyeungua. Maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kamili, ukitazama saa. Bado yanasaidia hadi saa tatu baada ya kuungua. Utafiti wa Australia wa mwaka 2020, uliofuatilia watoto zaidi ya 2,000, uliwakuta waliopozwa hivyo wakihitaji kupandikizwa ngozi kwa nadra zaidi. Pasipo na bomba, mmoja amimine kwa kata polepole kutoka kwenye ndoo, mwingine akinge beseni. Dawa ya meno, yai, asali na majivu viachwe. Mtoto mdogo aliyeungua eneo kubwa, poza jeraha tu na umfunike kwingine kote asipoe mwili mzima.

Nyoka. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Jiwe la nyoka halivuti sumu. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe, funga mguu au mkono kwenye gongo usitikisike, mbebe asitembee. Pikipiki inafaa ikiwa abiria wa nyuma atamshikilia. Kope zikianza kuanguka au ulimi kuwa mzito, mlaze ubavu na uwe tayari kumpulizia hewa hadi mfike. Hiyo ni sumu ya koboko au swila, na pumzi zako zinaweza kumvusha.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Hili ni la mkunga na zahanati. Utafiti wa E-MOTIVE wa mwaka 2023 ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Walitumia shuka la plastiki lenye alama za kupimia damu, na mama alipofikia kiwango walimpa mambo yote kwa mkupuo: kusugua mji wa mimba, dawa ya kuukaza, TXA, maji ya mshipani, ukaguzi wa michubuko na kuita msaada. Kuvuja damu kukali, upasuaji au kifo kwa sababu hiyo vilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Anayekadiria damu kwa macho huchelewa. Kama zahanati yenu haina shuka lile, wekeni chombo kilichopimwa chini ya mama, na mpigie simu gari mapema kuliko mlivyozoea.

Hatua ya 5: Fundisha kwa mikono, kijiweni

Kampala zaidi ya askari polisi, madereva na viongozi wa mitaa 300 walifundishwa huduma ya kwanza, na utafiti wa mwaka 2009 ukaonyesha kwamba walizitumia mbinu hizo kweli. Kwetu wa kuanza nao ni bodaboda. Wanafika kabla ya mtu yeyote, kwa sababu mara nyingi aliyeanguka ni mwenzao.

Mazoezi ya tuniketi yafanyike hivi. Chukua kanga chakavu, kata kipande kirefu, kikunje kiwe mkanda mnene wenye upana wa vidole vitatu. Zungusha pajani mara mbili, piga fundo moja, laza spana ya pikipiki juu yake, piga fundo la pili juu ya spana. Sasa zungusha spana. Mwenzake aweke vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, pale mapigo yanaposikika. Spana inazunguka, kanga inakaza, uso wa aliyejitolea unabadilika, na ghafla vidole vinapoteza mapigo. Hapo ndipo penyewe. Achia mara moja, ni mazoezi.

"Mwalimu, mbona inauma hivi?" ndilo swali linalokuja kila mara.

"Inauma, kaka. Isipouma haijabana, na damu inaendelea kutoka kwa ndani."

Kile kijiti au spana si pambo. Jaribio la mwaka 2015 kwenye sanamu ya mazoezi liliikuta mikanda ya kujitengenezea isiyo na kitu cha kuzungushia ikishindwa mara 99 kati ya 100. Yenye nacho ilishindwa mara 32. Kufunga kamba kwa nguvu za mikono pekee hubana mishipa inayorudisha damu na kuacha inayoileta, na mgonjwa huvuja zaidi.

Jambo lingine la kufundisha ni kuona damu. Changanya maji na rangi nyekundu, mimina nusu lita kwenye lami, nusu lita kwenye mchanga na nusu lita kwenye kanga iliyokunjwa. Waulize ni kiasi gani. Mchangani watasema kidogo sana, na baada ya kuona watabadilisha macho yao. Rudieni mazoezi kila miezi mitatu hadi sita, maana ustadi wa mikono hupotea upesi kuliko watu wanavyodhani.

Na mkubaliane namna ya kuandika saa. "Saa 3" kwenye paji la uso inaweza kusomwa hospitalini kuwa saa tatu au saa tisa, kutegemea aliyepokea amezoea ipi. Andikeni kama simu inavyoonyesha: 21:10.

Hatua ya 6: Simu, gari na karatasi ya polisi

Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura, ni ya bure, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. 112 ni polisi na 114 ni Zimamoto na Uokoaji. Zaidi ya hizo, kila kijiwe kiwe na namba tatu za watu wenye magari wanaokubali kuamshwa usiku, na bei ya mafuta iwe imepatanwa mchana, si saa ya msiba. Piga simu hospitali mnakoelekea mkiwa njiani, mseme mambo manne: umri, kilichotokea na saa ngapi, mmeona nini, mmefanya nini.

Fomu ya PF3, ile ya polisi kwa majeruhi, huwafanya wengi waogope kumgusa majeruhi, au wampitishe kituo cha polisi kwanza. Ligawanyeni hilo: mgonjwa aende hospitali moja kwa moja, mtu mwingine aende polisi kuifuata fomu na kuipeleka.

Hatua ya 7: Andika, pima, badilisha

Nunua daftari moja gumu na uchore safu sita: tarehe, saa ya tukio, saa mtu wa kwanza alipofika, alichofanya, saa ya kufika kituoni, hali ya mgonjwa siku ya pili. Jina lisiandikwe, na picha za majeruhi zisipigwe. Mwisho wa mwezi kaeni nusu saa, mhesabu kitu kimoja tu. Kwa mfano, kati ya waliovuja damu nyingi, wangapi walikandamizwa kabla ya kupakiwa? Usikimbilie kuhesabu vifo. Kwa idadi ndogo kama yetu vifo hupanda na kushuka kwa bahati tu. Vitendo ndivyo vinavyoonyesha kama mafunzo yameingia.

Tuniketi zikifika Bombo au Muheza zimelegea, tatizo ni mkanda au fundo, rudini kwenye mazoezi. Zikifika zimekaza lakini baada ya saa mbili na nusu, tatizo ni gari, na daftari lenu ndilo la kumpelekea mganga mkuu wa wilaya na diwani. Mkitaka kuyachapisha mliyoyapata, tafuteni kwanza kibali cha maadili ya utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Tanga mjini na kingine cha Amani wilayani Muheza, na wataalamu wake ni watu wa kuuliza.

Mara moja kwa mwaka, mtu mmoja apewe kazi ya kupitia karatasi yenu sentensi kwa sentensi dhidi ya mwongozo wa taifa na wa Shirika la Afya Duniani. Akikuta sentensi iliyopitwa na wakati, karatasi ya zamani itolewe siku hiyohiyo kwenye kila begi, kila ukuta na kila simu ilikopigwa picha, kisha mpya ibandikwe ikiwa na tarehe juu yake na jina la aliyeipitia.